Wasifu wa Mgaya wa Nyang'ombe (1892–1997)

Utangulizi

Ukiulizwa jina la mama mzazi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, jibu ni Mgaya wa Nyang'ombe. Wanafunzi wengi huishia hapo. Huandika jina, hupata alama yao, kisha huendelea na swali la TANU au Azimio la Arusha. Katika sura hii tunakuomba usiharakishe. Utasoma maisha ya mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka 100, ambaye hakusoma shule yoyote na hakushika cheo chochote serikalini. Hata hivyo, historia ya nchi yetu ilipita mlangoni pake mara nyingi, na kila ilipopita ilimdai kitu.

Unaposoma, shika swali moja kichwani: mtu asiye na cheo anaitumikiaje jamii yake? Swali hili litakusaidia kujibu maswali yaliyopo mwisho wa sura. Litakusaidia pia kuwatazama upya akina mama na bibi unaowafahamu.

Mahali na nyakati

Kwanza jiwekee ramani. Mkoa wa Mara upo kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Victoria. Makao yake makuu ni Musoma, mji uliopo ufukweni. Ukitoka Musoma kwa barabara ya kuelekea Mwanza utafika Bunda. Butiama haipo ufukweni. Ipo ndani zaidi, upande wa kusini-mashariki wa Musoma, kwenye vilima vyenye mawe makubwa. Kwa miaka mingi Butiama ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Musoma Vijijini, na mwaka 2012 ikawa wilaya inayojitegemea. Sehemu ya Butiama inayohusika zaidi na wasifu huu inaitwa Mwitongo.

Wenyeji wa Butiama ni Wazanaki. Wazanaki ni miongoni mwa makabila madogo kati ya makabila zaidi ya 120 ya nchi yetu. Zamani walikuwa wakulima na wafugaji, na waligawanyika katika himaya ndogo nane, kila moja ikiwa na mtemi wake. Walilima mtama, ulezi, mahindi na mihogo, na walifuga ng'ombe na mbuzi.

Mgaya alizaliwa mwaka 1892. Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeua ng'ombe wengi sana. Ilikuwa pia miaka ambayo Wajerumani walikuwa wakieneza utawala wao kutoka pwani kuelekea bara. Kwa hiyo Mgaya alizaliwa wakati watu wake walikuwa wakipoteza mifugo na uhuru kwa pamoja. Maisha yake yangeendelea kupita katika utawala wa Wajerumani, utawala wa Waingereza, Tanganyika huru na hatimaye Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Ndoa

Mwaka 1907 Mgaya aliolewa na Nyerere Burito. Alikuwa na umri wa miaka 15. Kusini mwa nchi, Vita vya Majimaji vilikuwa vikifikia mwisho. Mume wake alikuwa amezaliwa mwaka 1860, hivyo alimzidi umri kwa zaidi ya miaka 30. Jina lake, Nyerere, linatokana na neno la Kizanaki la viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipovamia mashamba. Jina ambalo leo limeandikwa kwenye uwanja wa ndege, madaraja na barabara lilianza kama kumbukumbu ya janga la wakulima.

Mgaya alikuwa mke wa tano. Kadiri miaka ilivyoenda, Burito alioa wake 22.

Zingatia jambo hili, hasa wewe msichana unayesoma. Kueleza kuwa Mgaya aliolewa akiwa na miaka 15 si kusema kuwa inafaa. Mwanahistoria hueleza desturi za wakati husika bila kuzificha na bila kuzipamba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili kuwa kosa kubwa la jinai kumwoa mwanafunzi. Tunamheshimu Mgaya kwa aliyoyafanya ndani ya maisha aliyopewa. Kumheshimu hakututaki tuwape mabinti wa leo maisha yale yale.

Mke wa mtemi

Wanafunzi wengi huandika kuwa Mgaya aliolewa na mtemi. Angalia miaka. Aliolewa mwaka 1907, na Burito alifanywa mtemi na Wajerumani mwaka 1915. Kwa miaka minane ya kwanza ya ndoa yake hakuwa mke wa mtawala. Madaraka yalimkuta akiwa tayari ana shamba, jiko na nyumba ya kulea.

Mwaka uliofuata, 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliteka eneo la kusini mwa Ziwa Victoria. Waingereza hawakumwondoa Burito. Walimwacha katika nafasi yake, na kuanzia mwaka 1926 wakaweka kisheria utaratibu wa kuwatawala wananchi kupitia watemi wao. Mtemi alitakiwa kusimamia kodi, kuamua mashauri na kutekeleza amri za serikali.

Hapa ndipo kazi ya akina mama wa boma inapoonekana. Boma la Burito lilikuwa na nyumba yake ya duara katikati ya zizi la ng'ombe, na nyumba za wake zake zikizunguka. Kila mke aliishi kwenye nyumba yake na watoto wake. Fikiria siku ya baraza katika boma la namna hiyo. Mtu mwenye shauri la mpaka wa shamba, mwenye madai ya mahari, mwenye malalamiko ya ng'ombe kupotea, wote huja kwa miguu kutoka mbali. Wanahitaji maji, kivuli na chakula. Shauri likichukua siku mbili, wanahitaji pa kulala. Mtemi alikaa na kusikiliza. Chakula, kuni na maji vilitoka mikononi mwa wanawake.

Kwa hiyo unapofundishwa kuwa utawala wa watemi ulitegemea kodi, heshima na nguvu za mkoloni, ongeza nguzo nyingine: ulitegemea mashamba ya wanawake. Bila ugali wa mtama na mihogo iliyokaushwa, baraza lisingekaa. Huu ulikuwa utumishi wa umma, ingawa hakuna aliyeuita hivyo na haukulipwa mshahara.

Watoto wanane

Mgaya alizaa watoto wanane, wavulana wanne na wasichana wanne. Wawili kati yao walifariki wakiwa wachanga. Tafadhali usiruke sentensi hiyo. Katika vitabu vya historia vifo vya watoto wachanga huonekana kama hesabu tu. Kwa mama wa kijijini wa wakati ule, bila hospitali wala chanjo, kila mimba ilikuwa tumaini na hofu kwa pamoja.

Tarehe 13 Aprili 1922, katika majira ya mvua za masika, alijifungua mtoto wa kiume. Mwanzoni mtoto aliitwa Mugendi, jina la Kizanaki lenye maana ya mtu wa kutembea. Baadaye, kwa ushauri wa mganga wa kienyeji, jina hilo lilibadilishwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Jina Julius lilikuja zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa ubatizo. Jina la kwanza, hata hivyo, halikukosea, kwa maana mtoto yule angetembea sana, na mara nyingi angetembea akimwacha mama nyuma.

Kambarage alilelewa katika nyumba ya mama yake. Alimsaidia kulima, na pamoja na wavulana wenzake alichunga mbuzi na ng'ombe. Watoto wa mama mbalimbali walikua pamoja katika boma moja, wakala pamoja na kufanya kazi pamoja. Mwalimu alipokuja kueleza siasa ya ujamaa miaka ya 1960, alisema msingi wake ni familia ya Kiafrika, ambamo kila mtu hufanya kazi na hakuna anayelala njaa huku mwenzake akishiba. Familia aliyoijua yeye kwanza ni ile ya Mwitongo. Usiandike kwenye mtihani kuwa Mgaya ndiye aliyebuni ujamaa. Andika kuwa mtoto aliona maisha ya kushirikiana nyumbani kabla hajayasoma kitabuni.

Mwaka 1934: mtoto anakwenda shule

Sasa tunafika kwenye uamuzi uliobadilisha mambo. Mwezi Februari 1934 Kambarage, akiwa na umri wa karibu miaka 12, alianza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge, Musoma. Waingereza walitaka watoto wa watemi wasome ili waje kusaidia utawala. Simulizi za Mara huongeza jina la Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Bunda. Inasimuliwa kuwa chifu huyo aliona akili ya kijana katika mchezo wa bao, akashauri apelekwe shule.

Kwa macho ya leo huu ni uamuzi mwepesi. Kwa macho ya nyumba ya Mgaya mwaka 1934, haukuwa mwepesi hata kidogo. Kutoka Butiama hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 30. Mtoto hakwenda asubuhi na kurudi jioni, alihama. Mvulana wa miaka 12 alikuwa mchungaji wa mifugo na mikono ya ziada shambani. Alipoondoka, kazi yake haikuondoka naye. Ilibaki nyumbani, na watu wa nyumbani ndio walioifanya.

Tena, faida ya shule haikuwa dhahiri. Wengi wa wenzake Kambarage pale Butiama hawakupata nafasi ya kusoma hata darasa la kwanza. Mama ambaye hakuwahi kuona ndani ya darasa alitakiwa kuamini kuwa kitu asichokijua kitamrudishia mtoto akiwa bora kuliko alivyoondoka.

Masomo yalimpeleka mtoto mbali zaidi na zaidi. Mwaka 1937 alikwenda shule ya sekondari Tabora. Wakati huo reli ilikuwa imeshafika Mwanza tangu mwaka 1928, hivyo safari iliwezekana, lakini ilikuwa safari ya kumfanya mzazi asimwone mwanawe hadi likizo. Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda. Mwaka 1946 alianza kufundisha Tabora katika shule ya St. Mary's. Mwaka 1949 alikwenda Uskoti, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili. Hesabu mwenyewe: kutoka 1934 hadi 1952 ni miaka 18.

Ujane

Katikati ya miaka hiyo 18, jambo jingine lilitokea. Mwaka 1942 Chifu Burito alifariki dunia. Mgaya alikuwa na miaka 50. Utemi ulikwenda kwa Edward Wanzagi Nyerere, mtoto wa Burito kwa mke mwingine. Kambarage alikuwa akimaliza Tabora.

Linganisha hesabu hizi mbili. Mgaya aliishi katika ndoa miaka 35, kutoka 1907 hadi 1942. Aliishi katika ujane miaka 55, kutoka 1942 hadi 1997. Sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima aliishi kama mjane, mama na bibi, akiwa nguzo ya nyumba isiyo na baba.

Kambarage angeweza kuacha masomo na kubaki nyumbani. Badala yake alikwenda Makerere mwaka uliofuata. Mwishoni mwa mwaka 1943, baada ya baba yake kufariki, alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kuchukua jina la Julius. Mama naye aliipokea imani hiyo baadaye, akabatizwa kwa jina la Christina. Ndiyo maana katika baadhi ya maandishi utamkuta akiitwa Christina Mgaya. Hao si watu wawili.

Mkwe, na kijana anayerudi bila mshahara

Julius aliporudi kutoka Edinburgh alifanya jambo lililowashangaza watu wa Butiama. Yeye, msomi wa Ulaya, alijenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, akimwandalia mke wake mtarajiwa. Watu wengi waliamini kuwa elimu humtoa mtu kwenye matofali na udongo. Tarehe 24 Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, aliyekuwa mwalimu. Mgaya alipata mkwe ambaye angebeba pamoja naye mzigo wa familia iliyo katika siasa.

Baada ya ndoa Julius alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilianzishwa, naye akiwa rais wake. Mwezi Machi 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Aliacha ualimu.

Vitabu vingi huishia kwenye ushujaa wa uamuzi huo. Wewe nenda hatua moja mbele: alipoacha kazi, alikwenda wapi? Alirudi Butiama na familia yake changa, akakaa kwa miezi kadhaa. Katika kipindi hicho alifanya kazi ya kutafsiri maandiko ya dini kwa Kizanaki pamoja na mapadre wa Maryknoll wa Musoma.

Itazame hali hiyo kutoka kwa mama. Miaka 18 ya shule ilikuwa imemtoa msomi wa kwanza wa aina yake nchini, mwenye mshahara na heshima. Sasa msomi huyo amerudi bila mshahara, akiwa na familia, na serikali ya kikoloni haimpendi. Nyumbani palimpokea. Chama kilichokuwa kikidai uhuru hakikuwa na fedha za kumtunza kiongozi wake kwa miezi yote hiyo. Butiama ilikuwa na mashamba. Ukitaka kuandika mchango wa familia katika kupigania uhuru, huu ni mfano mzuri: harakati zilihitaji mahali pa kurudi, na mahali hapo palikuwa pametunzwa na mjane kwa miaka 13.

Mama wa Rais, na utemi unaoondoka

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na mwanawe Mgaya akawa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja baadaye nchi ikawa jamhuri, naye akawa Rais. Mgaya alikuwa na miaka 70.

Soma kwa makini kilichofuata, kwa kuwa watahini hupenda kukiuliza. Mwaka 1963 serikali iliyoongozwa na mtoto wa Mgaya ilifuta utawala wa machifu nchini kote. Sheria hiyo haikuwaacha Wazanaki nje. Mamlaka aliyokuwa nayo Burito tangu 1915, na Wanzagi baada yake tangu 1942, yaliondolewa kisheria. Katika nchi nyingi, kijana wa nyumba ya kitemi akipata dola, kiti cha nyumbani hupambwa na kuimarishwa. Kwa nyumba ya Burito kiti kiliondolewa pamoja na viti vya wengine wote.

Lipo funzo la uraia hapa. Familia ya kiongozi haikuachiwa utemi wake. Mgaya aliendelea kuwa na makazi yake Butiama, mjane mzee wa kijijini, wakati mwanawe akitawala kutoka Dar es Salaam. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kujilimbikizia mali, na ni vigumu kuwahubiria watu jambo hilo ikiwa nyumbani kwako wanaishi tofauti.

Kutoka mtoto mmoja hadi watoto wote

Sasa rudi Musoma. Mwaka 1934 mji huo ulimpokea mvulana mmoja wa Butiama kwenye shule ya Mwisenge, kwa sababu baba yake alikuwa mtemi. Mwezi Novemba 1974, miaka 40 baadaye, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji huo huo. Mkutano huo ulitoa Azimio la Musoma, lililoamua kuwa elimu ya msingi kwa watoto wote itekelezwe ifikapo mwaka 1977, mapema kuliko ilivyopangwa awali. Mtoto wa mtemi na mtoto wa mchunga mbuzi, wa kiume na wa kike, wote walitakiwa kuandikishwa.

Utekelezaji ulikuwa na kasoro unazopaswa kuzitaja ukiulizwa: madarasa yalikuwa machache, vitabu havikutosha, na walimu wengi waliandaliwa haraka. Pamoja na hayo, wazo lenyewe lilikuwa kubwa. Katika nyumba ya Mgaya nafasi ya shule ya mwaka 1934 ilimfikia mvulana. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1892, nafasi hiyo haikumfikia kabisa. Azimio la Musoma lilikuwa jibu kwa kila nyumba iliyokuwa na mtoto mmoja shuleni na wengine zizini. Mgaya alikuwa na miaka 82 azimio hilo lilipopitishwa, umbali wa safari ya saa moja kutoka nyumbani kwake.

Miaka ya mwisho

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Mgaya alikuwa na miaka 93. Yule aliyeondoka mwaka 1934 akiwa na miaka 12 alikuwa sasa mzee wa miaka 63. Si akina mama wengi duniani ambao wameona mtoto wao akishika dola, akaiachia kwa amani, na kurudi kushika jembe karibu nao. Katika Afrika ya miaka ile, ambapo marais wengi waliondolewa kwa mtutu wa bunduki au kufia madarakani, hilo lilikuwa jambo adimu.

Mgaya wa Nyang'ombe alifariki mwaka 1997, akiwa na umri wa takribani miaka 105. Mwanawe hakukaa sana baada yake. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na tarehe 23 mwezi huo alizikwa Mwitongo. Ukienda Butiama leo utaona kaburi lake, na utaona pia makaburi ya wazazi wake, Burito na Mgaya. Jirani yapo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Shule yako ikipanga ziara ya kimasomo Mara, usikubali kuondoka hapo ukiwa umetazama kaburi moja tu.

Hitimisho

Tulianza na swali: mtu asiye na cheo anaitumikiaje jamii? Maisha ya Mgaya yanatoa jibu lenye sehemu tatu. Kwanza, alilima na kulisha katika boma ambamo mashauri ya watu yalisikilizwa. Pili, nyumba yake ilimwachia mtoto aende shule wakati mikono yake ilihitajika nyumbani. Tatu, alikuwa mmoja wa waliotunza mahali ambapo kiongozi aliweza kurudi, mwaka 1955 akiwa hana kitu, na mwaka 1985 akiwa amemaliza kazi.

Kuwa mama wa mtu mashuhuri si sifa inayotosha kumwandikia mtu wasifu. Tunamwandika Mgaya kwa sababu kazi yake ni kazi ya maelfu ya wanawake wa Mara na Tanzania yote ambao majina yao hayamo vitabuni. Jina lake limetufikia. Kupitia lake, wakumbuke wengine. Na kama bibi yako yu hai, muulize maswali leo. Huo ndio mwanzo wa kuwa mwanahistoria.

Mambo ya kukumbuka

• 1892: Mgaya anazaliwa. 1907: anaolewa na Burito.
• 1915: Burito anafanywa mtemi.
• 13 Aprili 1922: Kambarage anazaliwa.
• 1934: Kambarage anaanza shule Mwisenge, Musoma.
• 1942: Burito anafariki, Wanzagi anarithi utemi.
• 1963: utawala wa machifu unafutwa.
• 1974: Azimio la Musoma.
• 1985: Mwalimu anang'atuka na kurudi Butiama.
• 1997: Mgaya anafariki.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini si sahihi kusema kuwa Mgaya aliolewa na mtemi? Tumia miaka kuthibitisha jibu lako.
2. Eleza namna utawala wa watemi ulivyotegemea kazi za wanawake.
3. Kwa nini uamuzi wa kumpeleka mtoto shule mwaka 1934 ulikuwa na gharama kwa familia? Taja hoja mbili.
4. Linganisha nafasi ya elimu Musoma mwaka 1934 na ile iliyokusudiwa na Azimio la Musoma la mwaka 1974.
5. Kufutwa kwa uchifu mwaka 1963 kunatufundisha nini kuhusu uongozi na familia ya kiongozi?
6. Andika wasifu wa maneno 300 wa mwanamke wa kijijini au mtaani kwenu ambaye ameitumikia jamii bila kuwa na cheo. Tumia majina ya mahali, miaka na kazi halisi alizofanya. Usimpambe kwa sifa usizoweza kuzithibitisha.